Msalaba wa Nyasi na Moto wa Kildare: Alama za Sikukuu ya Mtakatifu Brigida

Katika utafiti wangu wa mapokeo ya watakatifu wa Ireland, sikukuu inayonivuta kuliko zote ni ya Brigida, mtawa aliyeanzisha monasteri ya Kildare, inayoadhimishwa tarehe 1 Februari, kwa kuwa alama zake nyingi zimetoka moja kwa moja katika nyumba za wakulima na wafugaji.

Alama kuu ni msalaba unaosukwa katika mkesha wa sikukuu kwa nyasi ndefu za majimaji, ambazo kwa desturi hung'olewa kwa mkono badala ya kukatwa kwa kisu. Msukaji hushika unyasi mmoja ukiwa wima, huukunja wa pili katikati na kuupitisha juu ya ule wa kwanza, kisha hugeuza kazi yote robo mzunguko na kukunja mwingine, mpaka hapo kati pajengeke mraba ulioshikamana; ndipo ncha nne hufungwa, na msalaba ukatundikwa juu ya mlango au chini ya paa ili kuikinga nyumba na moto, njaa na maradhi.

Husimuliwa kwamba Brigida, akiwa kando ya kitanda cha mtemi mpagani aliyekuwa mahututi, aliokota nyasi zilizotandazwa sakafuni akasuka msalaba huku akimweleza habari za Kristo, naye mtemi akabatizwa kabla ya kukata roho. Hata hivyo Cogitosus, mtawa wa karne ya 7 aliyeandika maisha ya Brigida, hakitaji kisa hicho. Yeye anasimulia maji yaliyogeuka bia, na vazi lililolowa mvua ambalo Brigida alilianika juu ya mwale wa jua. Kwa maoni yangu, desturi ya kusuka ndiyo iliyotangulia, na kisa cha mtemi kikaja baadaye kuifafanua.

Vazi hilo lina hadithi nyingine mashuhuri. Mfalme wa Leinster aliponyima ardhi ya kujenga monasteri, Brigida aliomba kiasi kile tu ambacho vazi lake lingefunika, nalo likatanda mpaka likaenea uwanda wote wa Curragh. Ndiyo maana hadi leo wapo wanaoacha kitambaa nje usiku wa mkesha ili akibariki apitapo, kisha wakakihifadhi kwa ajili ya maumivu ya kichwa na uchungu wa uzazi.

Kuhusu moto mtakatifu uliowaka daima katika monasteri hiyo, mwandishi Gerald wa Wales aliandika katika karne ya 12 kwamba watawa 19 wa Kildare waliulinda kwa zamu, mmoja kila usiku, na usiku wa 20 waliuacha mikononi mwa Brigida mwenyewe. Wapo wanaouhusisha moto huo na mungu wa kike wa kale mwenye jina hilohilo, mlinzi wa washairi, na ni kweli kwamba tarehe yenyewe ni ya Imbolc, mwanzo wa majira ya kuchipua katika kalenda ya kale. Lakini kumfuta mtakatifu kwa hoja hiyo ni kuwadhulumu waumini waliomwita kwa karne nyingi. Moto huo ulizimika baadaye; Masista wa Brigida waliuwasha upya mjini Kildare mwaka 1993, na tangu 2023 serikali ya Ireland imeifanya sikukuu hii kuwa siku ya mapumziko ya kitaifa, Jumatatu ya kwanza ya Februari, isipokuwa tarehe 1 inapoangukia Ijumaa, ambapo mapumziko huwa siku hiyohiyo.