Maji ya Kisima Yenye Viyeyushi vya Klorini: Maswali na Majibu

Viyeyushi vyenye klorini ni nini?

Ni vimiminika vya kuondolea grisi kwenye vipuri na madoa kwenye nguo. Vinavyojulikana zaidi ni trikloroethilini na perkloroethilini, ambayo ndiyo dawa ya drai klina. Ni vizito kuliko maji, hivyo vikimwagwa nyuma ya karakana huzama mpaka kwenye maji ya ardhini na kukaa humo miaka mingi.

Maji yangu ni maangavu, hayanuki, na huyachemsha. Je, hayatoshi?

Hayatoshi. Tuliwafundisha watu kuchemsha maji kwa sababu ya kipindupindu, na somo hilo ni sahihi kwa vijidudu, lakini trikloroethilini si kijidudu. Huchemka kwenye nyuzi 87, kabla ya maji yenyewe, na mvuke wake huingia mapafuni mwa mama aliyeinamia sufuria katika jiko lisilo na dirisha, na mwa mtoto aliye mgongoni. Dawa ya klorini ya kutibu maji nayo haiivunji. Wala usitegemee pua: kikomo cha Marekani cha trikloroethilini katika maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita, ilhali kwenye kambi ya Camp Lejeune, North Carolina, kipimo kimoja cha mwaka 1982 kilifika 1,400, na familia za askari zilikuwa zikinywa.

Nimesikia kwamba chuma huvunja sumu hii. Nitie misumari kwenye ndoo?

Usitie. Ni kweli kwamba chuma, na madini yake kama magnetaiti, hutoa elektroni zinazong'oa klorini hadi zibaki gesi za ethilini na asetilini, ile ya mafundi wa kuchomelea, pamoja na kloridi, ambayo imo hata kwenye chumvi ya mezani. Huko Elizabeth City, North Carolina, mwaka 1996, handaki la mita 46 lenye kina cha zaidi ya mita 7 lilijazwa chembechembe za chuma ili maji ya ardhini yapenye humo polepole. Hiyo ni kazi ya wahandisi wanaopima maji yanayotoka upande wa pili, kwa kuwa mmenyuko ukikatikia njiani unaweza kuacha vinili kloridi, inayosababisha saratani ya ini. Magnetaiti iliyomo ardhini kiasili huweza kuchukua miaka. Msumari wako utakupa kutu tu.

Nije kituo cha afya lini?

Leo. Fundi anayeosha vipuri kwa mikono mitupu hushikwa na kizunguzungu, hupewa maziwa, hurudi kazini, kisha huletwa kwetu akiwa amebebwa. Maziwa hayaondoi mvuke mapafuni. Trikloroethilini husababisha pia saratani ya figo, ambayo mwanzoni haiumi, kwa hiyo kungoja maumivu ni kujichelewesha.

Na nikiyachemshia nje, penye upepo?

Bado hapana. Sufuria haikuonyeshi kilichobaki ndani yake. Acha kabisa kuyanywa, kuyapikia na kuyaogea, chota kwingine, na umwombe afisa afya wa kata sampuli ipelekwe maabara.