Hadhira lengwa sio "vijana wa miaka 15 hadi 35": jinsi ya kuwatafuta watazamaji wa video yako ya projekti

Kila muhula wa projekti ukifika napata meseji za wanafunzi wa diploma ya utangazaji na utengenezaji wa filamu, wengi wa hapahapa Dar, wanataka niwapitishie kazi yao ya video ya muziki kabla hawajaingia lokesheni. Mi kazi yangu ni kuediti, video za muziki nimeediti muda mrefu sasa, na kitu cha kwanza nachofungua kwenye maandishi yao sio storiboadi (ile michoro ya shoti moja baada ya nyingine) wala bajeti, ni pale palipoandikwa hadhira lengwa. Na pale nakuta sentensi ileile: vijana wa kike na wa kiume wenye umri wa miaka 15 hadi 35 wanaopenda Bongo Fleva. Nukta. Halafu wanahamia kwenye bei ya kukodi droni.

Naomba leo niliongee hili taratibu, maana video nyingi za wanafunzi naona zinakwama hapo kabla hata kamera haijawashwa.

Hiyo 15 hadi 35 wengi hawajui wameitoa wapi. Ni umri wa kijana kwenye Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007, na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 nao unahesabu hivohivo. Serikali inahitaji mpaka wa namna hiyo kwenye mipango yake, sawa kabisa. Ila wewe una video ya dakika tatu na nusu. Wa miaka 15 yupo sekondari, simu anaazima ya dada yake jioni na bando sio lake, wa miaka 35 ana watoto wawili na marejesho ya kikoba kila Jumamosi, sasa utawawekea picha gani moja hao wawili wote waone ni yao?

Wengine wanachukua notsi za shule za Uingereza kwenye mtandao wanaandika walengwa wetu ni C1, C2 na D. Zile herufi zina kwao. Kule kulikuwa na utafiti wa wasomaji wa magazeti ulioanza miaka ya 1950, unazipanga familia kuanzia A mpaka E kwa kuangalia kazi ya mwenye kipato kikubwa ndani ya nyumba, ili mwenye gazeti amuoneshe mwenye tangazo ni watu gani wanalisoma. Kwetu mtu mchana anauza viatu Kariakoo, jioni ana bajaji yake barabarani, na Chanika ana vyumba viwili kapangisha, nipe herufi yake.

Sasa mfano. Kulikuwa na kundi la wanafunzi wanne, wimbo wa mwenzao wa darasani, wa taratibu, gitaa na biti nyepesi, kijana anamuimbia mama yake aliyemsomesha kwa kukaanga vitumbua. Wimbo mzuri kweli. Skripti ikoje? Kijana anashuka kwenye gari ya kukodi amevaa miwani, modo wawili nyuma, kiitikio kinaimbwa usiku juu ya paa la ghorofa Masaki. Nikawauliza huu wimbo ni wa nani, wakasema wa vijana, mwalimu. Nikawaambia basi fungeni laptop, wimbo uwekeni kwenye simu na spika ndogo, tuzunguke nao, picha hakuna, na msimwambie mtu kuwa ni wa kwenu, kwasababu mtu akijua ni kazi yako atakusifia tu na sifa haikusaidii chochote.

Hosteli ya wavulana walisema mkali huu, beti ya kwanza haijaisha wakarudi kwenye mpira. Kijiwe cha bodaboda wakasikiliza kwa adabu halafu mmoja akaomba tuweke singeli, na nikamuelewa, singeli inakimbia biti zaidi ya 200 kwa dakika na pale kijiweni ndio inayowachangamsha wakisubiri abiria. Tukaingia saluni ya kusuka, Mabibo. Dada aliyekuwa anasuka rasta akasimamisha mkono katikati ya msuko, nywele bandia zinaning'inia vidoleni, akasema rudisha hapo, pale kwenye moshi wa alfajiri. Mteja aliyekaa chini kwenye mkeka akauliza huyu mtoto wa nani anaimba hivi. Na mama mwenye saluni akasema, mwanangu yupo chuo Dodoma, nirushie nami nimrushie.

Nikawaambia madogo andikeni hiyo sentensi kama ilivyo. Hadhira yenu yote imo humo ndani. Mlengwa wa kwanza ni mwanamke wa kama miaka 28 mpaka 45 anayelea na kusomesha kwa biashara yake ndogo. Mlengwa wa pili ni mtoto wake aliye mbali na nyumbani, na huyu wa pili video itamfikia kwa WhatsApp kutoka kwa yule wa kwanza. Yani hapo umeshajua nani, umeshajua ataiona kwa njia gani, na umeshajua kwanini atamtumia mwenzie. Ukipata vitu hivyo vitatu umri unakuja wenyewe.

Kuhusu maswali, fomu ya mtandaoni ukiirusha kwenye grupu la darasa watakaojibu ni darasa, na wewe unajua darasa linapenda nini tayari. Bora uongee na watu kumi uso kwa uso. Na usiulize unapenda muziki gani, maana mtu anakujibu anachoona kinampa heshima. Muulize video ya mwisho uliyomrushia mtu ni ipi, na ulimrushia nani. Muulize jana uliangalia video ukiwa wapi, umekaa, umesimama, sauti ilikuwa wazi au umefunga. Muulize bando anaweka la siku au la wiki, hilo swali lina faida kuliko la kipato kwasababu la kipato wanadanganya na la bando hawadanganyi, na linakuambia kama atavumilia video ndefu.

Wiki iliyofuata tukarudi saluni na storiboadi, michoro tu ya penseli, tukawaonesha ile ya gari. Madogo walitaka mtazamaji aseme kijana kafanikiwa. Yule dada akaangalia akasema, huyu kashamsahau mama yake. Mwingine akasema gari analo, mama bado anapuliza moto. Sikuongeza neno, niliwaangalia tu madogo sura zao. Stuart Hall, msomi wa mambo ya habari na utamaduni kule Uingereza, alishalieleza hili mwaka 1973, kwamba mtengenezaji anaweka maana yake kwenye picha, ila mtazamaji anaweza kuipokea ilivyokusudiwa, akaipokea nusu, au akaikataa akaisoma kwa upande mwingine kabisa kutokana na maisha yake. Mwanafunzi akiliona hili kwa macho yake saluni, kwenye mtihani hahitaji kukariri.

Gari ikatoka. Modo wakatoka. Pesa ya droni ikaenda kulipia usafiri wa saa tisa usiku, kwasababu sasa walihitaji kushuti saa kumi na moja alfajiri kwenye jiko la kuni la kweli, kikaango cha vitumbua chenye mashimo yake, mkono unageuza kitumbua kwa kijiti, karibu kabisa. Na mwanga nikawasisitizia sana, maana mlengwa wao anaangalia kwenye simu ya bei ya kawaida, mwanga wa kioo kapunguza ili chaji ifike jioni, yupo barazani jua linamulika. Ile rangi ya gizagiza inayopendeza kwenye monita ya chuo, kule anaona kioo cheusi na sura yake mwenyewe. Nilishafanya kosa hilo mimi kwenye video ya msanii mmoja, niliikolea giza nikaipenda, mama yake akaniambia mwanangu humu nasikia tu sioni, na tokea siku hiyo siachii video kabla sijaiangalia kwenye simu nikiwa nje mchana.

Halafu kanga. Hii naona raha kuisimulia. Anayeigiza mama walimvisha kanga waliyoichagua kwa rangi, bluu na njano, kwenye kamera ilipendeza. Hawakusoma jina. Wanawake wa saluni kwenye video kitu cha kwanza wanasoma jina la kanga, na ile ilikuwa na fumbo la kumsema mke mwenza, kwahiyo mama mtakatifu wa kwenye wimbo anakaanga vitumbua huku mgongoni anapiga vijembe! Wakabadilisha, wakaweka Nani kama mama. Mvulana wa hosteli asingeliona hilo hata ukimrudishia mara kumi, ila walengwa wa video hii wangeliona sekunde ya kwanza, na video ingekuwa imewapotea.

Mengine yalikuwa madogomadogo. Mwanzoni walikuwa na sekunde ishirini na zaidi za majina na nembo ya kundi, tukazihamishia mwisho, sura ya mama ikaja kabla ya sekunde ya tano. Maneno ya kiitikio yakaandikwa kwenye skrini kwa herufi kubwa kwasababu saluni draya inanguruma na TV ipo juu ukutani. Na wakakata kipande kifupi cha kusimama wima, kiitikio tu, cha kuweka status.

Mkishaediti ile ya kwanza, ambayo haijanyooka, usimwite mtu kwenye laptop yako. Mpe kwenye simu yake, kaa pembeni, nyamaza. Angalia dole gumba. Likisogea kwenye skrini andika sekunde. Kwetu madole yalisogea sehemu moja, beti ya pili pale kijana anatembea peke yake ufukweni, watu watatu kati ya sita, nikakata nusu ya ile shoti bila huruma ijapokuwa dogo aliyeishuti ilimuuma.

Ukishapandisha YouTube, Studio, yani ile sehemu yao ya takwimu za mwenye chaneli, itakupa makundi ya umri, 18 hadi 24, 25 hadi 34 na kuendelea, jinsia, nchi, na ule mstari unaoonesha watu wanaacha kuangalia dakika gani. Ila video yenye watazamaji wachache umri mara nyingi haukuoneshi, kwahiyo usisubiri YouTube ikutajie hadhira yako, wewe angalia ule mstari na uangalie watu wametokea wapi. Na kwenye ripoti mhakiki wako anataka aone mnyororo: tulisikia hivi, ndomaana tukabadilisha hiki, tukajaribu, ikawa hivi. Weka na picha ya daftari lako la maswali, na ruhusa za watu uliowahoji.

Wale madogo walivyomaliza walirudi saluni na flashi, mama anataka iwe inacheza kwenye TV yake. TV ikakataa kusoma, faili lilikuwa la 4K na zito. Tukakaa palepale kwenye mkeka, laptop kwenye mapaja, tukaitoa upya MP4 ya 1080, ambayo ni nyepesi, tukachomeka tena, ikakubali. Mama akaongeza sauti kwanza, halafu ndo akatafuta simu ampigie wa Dodoma.