Benchi la bibi wa Mbare: yasemwayo na yaliyo kweli

Mbare ni mtaa mkongwe wa Harare, Zimbabwe, wenye soko kubwa na kituo cha mabasi kisicholala. Mwaka 2005 serikali ilibomoa vibanda na nyumba katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina, na Umoja wa Mataifa ukakadiria kuwa watu 700,000 nchi nzima walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mwaka uliofuata daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alitaka kuwahudumia watu wa mtaa huo. Hakupewa chumba wala muuguzi. Alichopata ni bibi 14, wahudumu wa afya wa jamii, na nafasi ya kukaa nje ya zahanati. Huo ndio mwanzo wa Benchi la Urafiki, ambapo bibi waliofundishwa huketi benchini na kumsaidia aliyelemewa na mawazo, na sasa limeshafika Malawi, Zanzibar na hata New York.

Kila ninaposimulia habari hizi, majibu ninayopewa ni yale yale, na mengi hayana ukweli.

"Haumwi huyo, ana mawazo tu."

Kwetu mgonjwa wa akili ni yule anayeokota makopo barabarani. Wengine wote "wana mawazo", na mawazo dawa yake ni kuyazoea. Mama ameacha kula, hafungui genge lake wiki ya tatu, anawafokea watoto kwa kijiko kilichoanguka, nasi tunapita na kusema ana mawazo, yataisha.

Washona, kabila kubwa la Zimbabwe, nao wana neno lao: kufungisisa. Kwa Kishona kufunga si kufunga mlango, ni kufikiri, na mwisho ule wa neno unaongeza uzito: kufikiri kupita kiasi. Watafiti waliofanya kazi Zimbabwe miaka ya 1990 hawakulipuuza neno hilo. Walilifanya mlango wa kuingilia, wakatunga dodoso la maswali 14 kwa lugha ya watu wenyewe. La kwanza linauliza kama wiki iliyopita ulikuwa na wakati wa kuwaza sana. Yanayofuata ni ya nyumbani kabisa: umekasirishwa na jambo dogo? Tumbo limekuuma? Usingizi umekupaa? Umelia, au umetaka kulia? Kazi zako zimelala? Umeshindwa kuamua la kufanya? Anayejibu "ndiyo" kwa maswali mengi anahitaji msaada, na dodoso hilo ndilo bibi wanalotumia mpaka leo. Kwa hiyo tunaposema "ana mawazo tu", tumeshaitaja dalili. Kosa letu ni hilo "tu".

"Anayetaka kupona atakwenda hospitali."

Chibanda amesimulia hadharani habari ya msichana aliyekuwa akimtibu. Hali ilipomgeuka, daktari na mama wa msichana walikubaliana kwamba mama atampeleka. Hawakufika. Wiki kadhaa baadaye mama alipiga simu kusema binti amejiua. Daktari akauliza kwa nini hawakuja. Walikosa nauli, dola 15.

Walikuwa na nia, na walimjua daktari kwa jina. Kila nikiisoma habari hii nawawazia wale wa kwetu ambao hospitali ya rufaa iko mikoa miwili mbele, halafu jirani anasema familia imemtelekeza mgonjwa wao.

"Bila daktari bingwa ni kubahatisha."

Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare yalichapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA. Walishiriki watu 573, wengi wanawake, na zaidi ya 4 kati ya kila 10 walikuwa wakiishi na VVU. Nusu ya zahanati ziliwapa wagonjwa huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Nusu nyingine ziliwapeleka kwenye benchi. Baada ya miezi 6, karibu nusu ya wale wa huduma ya kawaida bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa waliokaa na bibi, ni asilimia 14.

Si kwamba daktari hana kazi. Katika yale maswali 14 lipo linalouliza kama unaona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni wala hawavisikii, na lipo la kutaka kujiua. Bibi akikutana na mambo mazito ya namna hiyo hambakizi mtu benchini, anampandisha kwa wasimamizi wake na kwa wataalamu.

"Nasaha tu hizo, hata bibi yangu anaweza."

Hapa ndipo panaponigusa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na jibu la kila jambo. Subiri. Sali. Rudi kwa mumeo. Alitupenda sana, na watu waliondoka kibarazani kwake wakiwa na mzigo ule ule, umeongezewa aibu ya kushindwa kusubiri.

Bibi wa Mbare wanafundishwa kulishika jibu lisitoke. Hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Anayeumwa anazungumza, anayataja matatizo yake moja moja, yanaandikwa. Kisha yeye mwenyewe anachagua moja la kuanza nalo. Mara nyingi si lile ambalo bibi angelichagua. Mtu ana virusi, mume kamkimbia, kodi ya miezi miwili anadaiwa, naye anasema: nianze na kodi. Basi ni kodi. Wanatafuta hatua ndogo inayowezekana wiki hii: kuzungumza na mwenye nyumba kabla hajaja kugonga, au kumwomba dada amkopeshe mtaji wa nyanya. Wiki ijayo anarudi kueleza ilikwendaje, na kama imekwama wanaipinda upya. Hatua mbili zinazofuata ni kusimudzira, kumwinua, na kusimbisa, kumtia nguvu. Vikao ni 6. Baadaye kuna kundi la wenzake, wanakutana wakifuma mikoba ya plastiki iliyotumika, wanazungumza huku mikono inafanya kazi.

Huo ni ustadi. Unafundishwa, unasimamiwa, na anayeufanya anachoka kama mfanyakazi mwingine yeyote.

"Ukimuuliza mtu kama anataka kujiua, unamtia wazo."

Hapana. Aliye na wazo hilo analo tayari, na kuulizwa kwa upole ndiko mara nyingi kunakompa nafasi ya kulitoa. Kinachomnyamazisha ni hofu, na sheria nayo imechangia. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu iliposema Januari 2025 kwamba kinapingana na katiba. Bibi wa Mbare wanauliza, tena waziwazi.

"Wazo ni la daktari, bibi walitekeleza."

Tunapowatuza watu wa afya ya akili, kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, macho yanakwenda jukwaani: daktari, mkurugenzi, mfadhili. Chibanda anastahili kila heshima aliyopewa. Lakini yeye mwenyewe amekuwa akieleza kwamba alikuja na jina lake, Benchi la Afya ya Akili, na bibi wakamkatalia. Walimwambia hakuna atakayekaa hapo. Nani atakubali aonekane na jirani zake ameketi penye jina hilo? Wao walitaka jina ambalo mtu anaweza kulitaja nyumbani anapoaga, bila mumewe kuuliza maswali. Maneno ya zile hatua tatu nayo yametoka midomoni mwao.

Siku tutakapoorodhesha wa kutuzwa, nataka orodha ianzie kwao, na tuzo iwe ile wanayoweza kuitumia: posho inayofika kwa wakati, muda wa maongezi wa kumfuatilia aliyekosa kikao, na mtu wa kuwasikiliza wao baada ya kusikiliza kutwa nzima. Kwa Kishona benchi lao linaitwa Chigaro Chekupanamazano, kiti cha kupeana mashauri. Kupeana, yaani wote wawili wanatoa.