Ultrasaundi yenye vipovu katika uchunguzi wa figo iliyopandikizwa

Figo inayopandikizwa haiwekwi mahali pa figo za asili, bali hulazwa chini ya tumbo, upande mmoja karibu na nyonga, na mishipa yake kuunganishwa na mishipa mikubwa ya damu ya eneo hilo. Kwa kuwa iko karibu na ngozi, ultrasaundi huiona vizuri, ndiyo maana kipimo hicho hutangulia vingine pale mkojo unapopungua au kreatinini, yaani taka ambayo figo huiondoa katika damu, inapopanda.

Hata hivyo, ultrasaundi ya kawaida, pamoja na ile ya Dopla inayoonyesha mwendo wa damu, huweza kushindwa kuonyesha damu inayopita polepole katika mishipa midogo sana. Hapo mgonjwa huchomwa mshipani kiasi kidogo cha dawa yenye vipovu vya gesi, kwa mfano salfa heksafloridi, ambavyo kwa wastani kipenyo chake ni kama mikromita 2.5, yaani vidogo kuliko chembe nyekundu za damu. Vipovu huakisi mawimbi ya sauti kwa nguvu na havitoki nje ya mishipa. Kwa hiyo panapong'aa pana damu, na sehemu ya figo inayobaki nyeusi haifikiwi na damu. Kwa njia hiyo daktari huona mshipa ulioziba, sehemu ya figo iliyokufa, au jipu lililotokana na maambukizi.

Jambo ninalolithamini zaidi ni usalama wa figo yenyewe. Dawa yenye iodini inayotumika katika CT skani, kipimo cha picha kinachotumia eksirei, huweza kuidhuru figo ambayo tayari imedhoofika, lakini vipovu havichujwi na figo kabisa: gesi yake hutoka kwa pumzi ndani ya dakika chache. Kipimo hufanyika kando ya kitanda, bila mionzi, na huweza kurudiwa.

Mzio mkali hutokea kwa nadra, lakini hutokea. Hivyo mgonjwa aeleze mapema kama ana mzio wa dawa au ugonjwa wa moyo au mapafu, na abaki chini ya uangalizi kwa angalau dakika 30 baada ya sindano.

Kipimo hiki peke yake hakitofautishi kwa uhakika figo inayokataliwa na mwili na ile ambayo mirija yake midogo ya kutengeneza mkojo imejeruhiwa kwa kukosa damu wakati wa upandikizaji. Matibabu ya hali hizo mbili hayafanani, kwa hiyo daktari akishauri kuchukua kipande kidogo cha figo kwa uchunguzi wa maabara, picha nzuri ya vipovu isiwe sababu ya kukataa.