Pumzi ya mchezaji wa chuo hupimwaje msimu mzima? Maswali na majibu

Timu yetu ya chuo hapa Dar es Salaam tulipimwa mara moja tu, wiki ya kwanza ya mazoezi. Inatosha?

Haitoshi. Kipimo kimoja kinaonyesha ulivyo siku ile tu. Pimeni kabla ya ligi, katikati, na inapokaribia kuisha, kisha kila mtu ajilinganishe na yeye mwenyewe.

Anayecheza kila wiki si pumzi inapanda tu?

Si lazima. Wakati wa maandalizi mnakimbia sana. Ligi ikianza, siku zinaliwa na safari, mbinu na kupumzisha miguu. Vyuo vya Marekani vinavyocheza mpira wa magongo kwenye barafu vina shida hiyohiyo: msimu huanza Oktoba na kufika Machi au Aprili, mechi nyingi ni Ijumaa na Jumamosi, na mchezaji hukaa barafuni chini ya dakika moja kabla ya kupokewa na mwenzake. Ndiyo maana, zaidi ya pumzi, wachezaji wa mchezo huo hupimwa pia nguvu ya ghafla, kwa mfano kukanyaga baiskeli kwa nguvu zote sekunde 30.

Ninayemhurumia zaidi ni wa benchi. Anapasha misuli, anakaa. Akikosa mazoezi makali wiki mbili tatu, pumzi huanza kushuka, na kwa kuwa haumwi popote, hakuna anayegundua. Siku mwenzake akiumia anaingizwa dakika ya 60, na dakika ya 70 ameshika magoti. Jukwaani wanamwita mvivu. Makocha, nawaomba: wa benchi wapimeni kwanza, na kesho yake baada ya mechi wapeni mbio zao.

Hatuna maabara. Tupime kwa nini?

Koni, futi kamba na simu vinatosha. Pimeni mita 20, mkimbie kwenda na kurudi kwa kufuata mlio uliorekodiwa. Mwendo huanza kilomita 8.5 kwa saa na kuongezeka nusu kilomita kwa saa kila dakika; kila ongezeko ni hatua moja. Anayeshindwa kuuwahi mlio mara mbili mfululizo anatoka, mnaandika hatua aliyofikia.

Kwa nguvu ya miguu, paka chaki vidoleni, simama ubavu ukutani, nyoosha mkono uweke alama, kisha ruka uweke nyingine. Pima pengo kati ya alama hizo. Mapigo ya moyo yahesabu asubuhi kabla hujatoka kitandani, dakika nzima, kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake na litakuchanganya.

Januari niliishia hatua ya 7, Julai nimefika ya 9. Nimeimarika?

Huenda, lakini uliza kwanza mlipima saa ngapi. Januari ya Dar ina joto na unyevu, jasho linatiririka bila kukauka. Moyo unabeba kazi mbili: kupeleka damu kwenye misuli, na kuipeleka kwenye ngozi ili mwili upoe. Julai mzigo huo unapungua, kwa hiyo sehemu ya hatua zako mbili inaweza kuwa zawadi ya kipupwe. Pimeni saa ileile, tuseme 12:30 asubuhi, uwanja uleule, viatu vilevile, na isiwe siku inayofuata mechi. Kwenye daftari andikeni pia hali ya hewa na usingizi.

Pumzi ikishuka ghafla?

Tafadhali, mchezaji asiongezewe mizunguko kama adhabu. Aende kituo cha afya apimwe malaria na wingi wa damu, hasa dada zetu wanaopata hedhi nzito. Aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu) huonekana mzima kabisa, ila akilazimishwa kukimbia hadi mwisho wa nguvu zake kwenye joto anaweza kuzidiwa vibaya. Aanze taratibu, anywe maji, na akisema amechoka asimamishwe palepale. Mwenye maumivu ya kifua, au aliyewahi kuzimia akikimbia, asipimwe hadi daktari amwone.