Mapato ya ndani: ndani ya nini?

Bunge la bajeti likishaanza pale Dodoma, kuanzia Aprili mpaka Juni, kuna msemo mmoja unatajwa asubuhi kipindi cha maswali na jioni watu wanaubeba kwenye magrupu na kuutumia ndivyo sivyo. Mapato ya ndani. Nimevumilia mengi lakini juzi mtu mzima na akili zake kaandika kwamba wilaya yao ina kiwanda cha saruji kinacholipa kodi ya mabilioni, kwa hiyo mapato ya ndani ya halmashauri yao ni mabilioni, kwa hiyo mkurugenzi kala hela ya zahanati. Huenda kala kweli, wakurugenzi wapo wa kila aina, ila kwa hesabu hiyo humkamati.

Maana yenyewe ni fupi. Mapato ya ndani ya halmashauri ni hela ambayo halmashauri imeruhusiwa na sheria kukusanya yenyewe, kwenye vyanzo vyake, na kuitumia kwa bajeti iliyopitishwa na baraza lake la madiwani. Sheria mama ni ile ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982, Sura 290. Humo utakuta ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni za biashara, ushuru wa soko na stendi, machinjio, vibali vya ujenzi, kodi ya vibanda vyake, na uchangiaji wa matibabu hospitalini. Basi.

Sasa tuje kwenye kinachonikera.

Wizara ya Fedha nayo inatumia maneno hayohayo kwa kitu kingine kabisa. Waziri akisimama kusoma bajeti kuu akasema mapato ya ndani, anamaanisha ndani ya nchi, yaani hela isiyo mkopo wala msaada wa wafadhili. Kwenye bajeti ya 2023/24 ilikuwa jumla ya shilingi trilioni 44.39, mapato ya ndani yakakadiriwa trilioni 31.38, na kati ya hizo TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) peke yake ilipangiwa trilioni 26.73. Halmashauri zote 184 za Bara ukizikusanya pamoja, vyanzo vyao vyote, ilikuwa kama trilioni moja na ushee. Kwa hiyo una mapato ya ndani ya trilioni thelathini na moja, na ndani yake kuna mapato ya ndani mengine ya trilioni moja, na mtu anasikia la kwanza kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku halafu asubuhi anasikia la pili kwenye maswali, anayachanganya sufuria moja. Simlaumu sana, aliyechagua maneno hakutuhurumia.

Sikiliza kipindi cha maswali chenyewe. Mbunge anasimama, swali lake namba fulani, Je, ni lini Serikali itakamilisha boma la zahanati ya kijiji fulani ambalo wananchi wamelijenga kwa nguvu zao mpaka usawa wa lenta? Naibu Waziri wa TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, anasimama, Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Nchi, naomba kujibu kama ifuatavyo, anatambua juhudi za wananchi, anataja zahanati ngapi zimejengwa nchi nzima, halafu mwisho linakuja lile jibu: Serikali inaielekeza Halmashauri kutenga fedha kupitia mapato yake ya ndani ili kukamilisha boma hilo. Mbunge anashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali (sijawahi kuelewa hiki kipengele cha kusifia jibu ambalo halijampa kitu, lakini ndo utaratibu), anauliza mawili ya nyongeza, lini utaongozana nami ukajionee, waziri anasema yupo tayari baada ya Bunge, makofi, swali linalofuata.

Watu wa jimboni wanasikia "mapato ya ndani" wanafurahi, Serikali imekubali. Hapana. Waziri hapo kasema hela haitoki Hazina, itoke kwenye mfuko wa halmashauri yenyewe, na kama mfuko huo ni mdogo basi boma litaendelea kuota nyasi. Ni jibu la kuhamisha mzigo, na lina adabu kiasi kwamba usipojua maana ya neno hutagundua kama mzigo umehamishwa.

Na mfuko ni mdogo kiasi gani? Chukua halmashauri ya kijijini inayokusanya tuseme bilioni mbili kwa mwaka. Kwanza unatoa mapato lindwa, yale ambayo yameshapangiwa kazi yake, mfano hela ya uchangiaji wa matibabu inarudi kununua dawa, huwezi kujengea nayo. Inayobaki ndo unaipigia asilimia: 10 inaenda mikopo ya vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Halafu kuna mwongozo wa kupeleka kwenye maendeleo sehemu fulani, mfano asilimia 40 au 60, kutegemea halmashauri ina uwezo gani. Kinachobaki ndo posho za madiwani, mafuta ya gari, matengenezo, mwenge ukipita. Halmashauri ina kata ishirini na kitu, kila diwani ana boma lake, na boma moja la zahanati kiwango kilichozoeleka Serikali ikipeleka hela ya kulimalizia ni milioni 50. Piga hesabu mwenyewe.

Turudi kwa jamaa wa kiwanda cha saruji. Kosa lake ni kudhani "ndani" ni jiografia, kwamba kodi yoyote inayolipwa ndani ya mipaka ya wilaya ni mapato ya ndani ya wilaya. VAT ya kile kiwanda, kodi ya mapato ya kampuni, PAYE (kodi ya mishahara) ya wafanyakazi wake, vyote vinaenda TRA na vinaingia Mfuko Mkuu wa Hazina hata kama ofisi ya TRA imepakana ukuta na ofisi ya mkurugenzi. Halmashauri inachopata pale ni ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kuondoa VAT na ushuru wa bidhaa. Sio kidogo kwa kiwanda kikubwa, ila sio mabilioni anayoyaona yeye kichwani. Kigezo ni nani kapewa na sheria mamlaka ya kukusanya, sio wapi imekusanywa.

Na mamlaka hayo yanatolewa na nani? Na Bunge lilelile. Hapa ndo ningependa watu wakae kidogo, maana ukipitia historia utaona vyanzo vya halmashauri vimekuwa vikikatwa toka Dodoma mwaka hadi mwaka, mara nyingi kwa nia njema.

Halmashauri zenyewe ziliwahi kufutwa 1972 enzi za madaraka mikoani, za mijini zikarudishwa 1978, za wilaya zikafuata baada ya sheria za 1982. Ziliporudi chanzo kilichojulikana na kila mtu kilikuwa kodi ya maendeleo, wazee wanaiita kodi ya kichwa, ile ya mgambo kukukamata asubuhi mnadani uonyeshe risiti na watu wanakimbilia porini. Ikafutwa 2003 na hakuna aliyelia, isipokuwa wahasibu wa halmashauri, na Hazina ikaanza kupeleka ruzuku ya kufidia pengo. Ruzuku lakini sio mapato ya ndani, ruzuku inakuja ikijisikia.

Halafu 2016 kodi ya majengo ikatolewa halmashauri ikapelekwa TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla), ilianza kwa elfu moja kwa mwezi nyumba ya kawaida, ndo maana mpangaji unanunua umeme unajikuta unamlipia mwenye nyumba kodi ya jengo lake. Wengi wanaamini ile hela iko halmashauri. Iliyokusanya ni Serikali Kuu kupitia shirika la umeme, TANESCO, halmashauri ikipata chochote humo inakuwa imegawiwa.

2017 ikaja ya ushuru wa mazao. Kabla ya hapo ilikuwa mpaka asilimia 5 ya bei ya kununulia, Bunge likashusha ikawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe. Kwa gunia la mahindi la tuseme elfu sabini, halmashauri ilikuwa inapata 3,500, sasa 1,400. Tofauti 2,100 kwa kila gunia. Mkulima na mnunuzi wamepumua, na mimi nina ndugu wanaolima, sitaki irudi. Lakini nenda geti la ushuru uone: kijana kakaa kwenye benchi na mashine ya POS ya kukatia risiti za ushuru, kamba imefungwa barabarani, Canter inakuja, dereva anabisha kwamba mzigo ni wa tani moja kasoro na lile gunia ni lumbesa la magunia karibu mawili, wanabishana nusu saa kwa ajili ya elfu kumi na kitu. Hayo ndo mapato ya ndani yalivyo kwa macho. Ndo hiyo hela waziri kaielekeza ikamalizie zahanati.

Kuna wabunge waliosimama kupongeza ushuru wa mazao kushushwa, na haohao msimu unaofuata wakauliza kwa nini halmashauri haina hela ya kupaua zahanati. Maswali yote mawili ni halali, ila hayawezi kuulizwa kama vile hayajuani.

Na kitu kingine ambacho hakisemwi sana, mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani kwa sheria. Ile bajeti ya mapato ya ndani inayotenga au kutotenga hela ya boma lake inapita mezani kwake kabla hajapanda basi la kwenda Dodoma. Kwa hiyo anapouliza ni lini Serikali itakamilisha, saa nyingine anauliza kitu ambacho angekipigania kwenye kikao cha halmashauri kule kule. Sisemi asiulize. Kuuliza kuna faida yake, jibu linaingia kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge) na mkurugenzi analisikia. Ila maswali ya kubana kuhusu mapato ya ndani yapo zaidi kwenye Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, mkurugenzi na mweka hazina wake wamekaa upande wa pili wa meza na ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali) katikati, wanaulizwa POS fulani ilikusanya kiasi gani na benki kilifika kiasi gani. Pale hakuna anayeshukuru kwa majibu mazuri.

Nimeona pia watu wanaingiza tozo za miamala humu. Tozo ile ya 2021 ilikuwa ya Serikali Kuu, ikapelekwa chini kujenga vituo vya afya na madarasa, halmashauri zikasimamia ujenzi na kibao cha mradi kikaandikwa jina la halmashauri. Kibao hakibadilishi chanzo. Hata ile shilingi 100 iliyoongezwa kwenye lita ya mafuta mwaka huohuo kwa ajili ya barabara za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), barabara iko kijijini kwenu lakini hela sio ya halmashauri yenu.

Na ndugu zangu wa Geita, Tarime na Kahama mnaosema mna mrabaha wa dhahabu kwenye mapato ya ndani: mrabaha ni wa Serikali Kuu, unapitia Tume ya Madini. Ile hela ya CSR (mchango wa mgodi kwa jamii inayouzunguka) inapangwa pamoja na halmashauri kwa sheria ya madini ilivyorekebishwa 2017, lakini nayo ni mradi wa kampuni, haihesabiki kama makusanyo. Chenu hasa pale ni ushuru wa huduma, na huo muuliziane vizuri, maana kuna miaka ambayo mikataba ya migodi ilifunga malipo yote kwa halmashauri yasizidi dola laki mbili kwa mwaka, mgodi uzalishe usizalishe. Mkitaka kumbana mkurugenzi, mwambieni awaonyeshe mstari wa ushuru wa huduma.