"Reinforce" haimaanishi kuadhibu

Kitenzi cha Kiingereza "reinforce" maana yake ni kuimarisha, kutia nguvu. Jeshi huongezewa askari, zege hutiwa nondo, hoja hupewa ushahidi. Yote hayo huelezwa kwa kitenzi hiki.

Utata upo kwenye saikolojia. Wengi, hata walimu, huamini kwamba "negative reinforcement" ni adhabu. Sivyo. Neno "negative" hapa halibebi maana ya ubaya. Ni alama ya kutoa, kama ile ya hesabu. Kitu kinachokera kinaondolewa, na tabia iliyokiondoa inaimarika. Gari hulia mpaka ufunge mkanda. Ukifunga, mlio unakoma, na safari ijayo utafunga mapema zaidi. Adhabu hufanya kinyume kabisa: hupunguza tabia.

Kosa hili linasameheka, maana hata B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeeneza istilahi hiyo, mwaka 1938 aliitumia kwa maana inayokaribia adhabu, na kufikia 1953 alikuwa ameirekebisha. Mimi hutazama kitenzi kwanza: kama tabia haikuimarika, "reinforce" si neno lake.